Minyoo Walikufa Kabla ya Bata

Dada yangu Rehema, msafi kuliko wote nyumbani kwetu, alikuwa amelala kwenye mkeka akitokwa na udenda kama mtoto anayeota meno. Nilikuwa nimempakata kichwa. Namfuta kwa kanga, unatoka mwingine, nafuta, unatoka. Jasho lilikuwa limemtiririka mpaka mkeka umeloa kwa umbo la mwili wake. Nyama za mapaja zilikuwa zinarukaruka zenyewe, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Nikamfunua kope nimtazame, nikakuta mboni ya jicho imesinyaa, imekuwa ndogo kama mbegu ya mchicha.

"Minyoo," akaniita, maana hilo ndilo jina alilonipa. "Minyoo, washa taa. Mbona giza?"

Ilikuwa saa saba mchana na jua la nyikani lilikuwa linapasua mawe.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatapika mara nne na mguu wangu wa kulia haukuwa wangu tena. Baba alikuwa amekimbilia barabarani Mazinde kutafuta gari. Alipata lori la kabichi. Lilipofika, tulimpandisha Rehema juu ya magunia, na hatukufika hata nusu ya safari. Dereva alizima injini, akavua kofia, akatuuliza turudi au tuendelee.

Karatasi iliyoandikwa siku mbili baadaye inasema dada yangu alikufa kwa minyoo wa bata. Nimeishi na karatasi hiyo mpaka mvi zimeniingia. Mimi niliishia darasa la nne, sina cheti cha kitu chochote, na mkono wangu unaandika polepole. Lakini kuna jambo moja hapa duniani ninalolijua kuliko Bwana Afya aliyeandika karatasi ile, nalo ni minyoo wa bata mwitu. Ndiyo maana nalisema, na nalisema bila aibu.

Sisi ni watu wa Vuga. Mtu wa milimani mwenye shamba nyikani ananielewa: juu una migomba, maharage, na ukungu unaoingia jikoni bila kupiga hodi; chini, ukishapita Mazinde, una joto, mbu na mpunga. Wazee wetu waliiogopa nyika. Mtu akishuka akarudi na homa, walisema nyika imemla. Kwa hiyo mama alibaki juu na wadogo zetu, na baba akashuka na sisi binti zake wawili. Rehema alikuwa ameshavunja ungo, kazi yake kupika. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi, kazi yangu kuamia, yaani kukaa kwenye kichanja katikati ya mpunga nikifukuza ndege kwa kelele na kombeo. Niliachishwa shule kwa msimu mmoja. Msimu huo ndio haujaisha mpaka leo.

Kuna bata mwitu wenye uso mweupe, wanaolia kama mtu anayepiga mluzi kumwita mwenzake. Mchana hupumzika bwawani, jioni huja kwenye mpunga. Baba alikuwa hodari wa kuwatega kwa tanzi, na mimi nilikuwa hodari wa kuwapasua. Rehema aliyaonea kinyaa matumbo. Alikuwa anashika pua, anasema, "Chukua hao jamaa zako." Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, kabla ya mtu yeyote kunifundisha, nilikuwa nawaona wale waliomo ndani. Niliwatupa pamoja na matumbo, lakini niliwaona.

Siku moja akaja mwanamke amevaa viatu vya mpira, ana begi na makaratasi ya kibali. Alikuwa mwalimu wa chuo, daktari wa wanyama, anatafuta minyoo bapa walio ndani ya bata wa pori. Watu wote wakamwita Mama Daktari. Alimwomba baba amtegee. Alipofika uani kwetu nilikuwa nimechuchumaa na bata mapajani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye unayepasua? Huwa unaona minyoo humo?"

"Ndiyo."

"Wengi?"

"Wengi. Wa aina nne."

Akaacha kuandika. "Nne? Nani amekufundisha kuwagawa?"

"Hakuna. Hawafanani."

Rehema akacheka kule jikoni. "Mama Daktari, usimuulize, hutalala! Huyo anawajua mpaka shangazi zao!" Ndiyo siku niliyoitwa Minyoo, na sijawahi kulichukia jina hilo, hata kidogo.

Mama Daktari alikaa kwetu kiangazi kizima. Nitasema alichonifundisha, kwa sababu ni mali yangu. Utumbo haukatwi ovyo, unachanwa kwa mkasi mdogo kwa urefu, kipande kwa kipande, ujue nani alikuwa anaishi wapi. Unausuuza kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Chumvi kiasi gani? Alinipa nionje. "Iwe kama machozi yako," alisema, "isizidi, isipungue. Ikizidi wanajikunja, ikipungua wanavimba." Unaacha maji yatulie, unamwaga ya juu taratibu, unaongeza mengine, unarudia mpaka yawe angavu. Kilichobaki chini unakimimina kwenye sahani nyeusi. Hapo ndipo wanapojitokeza, weupe juu ya weusi, kama nyota.

Sahani yake ya chuo ilivunjika wiki ya kwanza. Alisikitika mno, anasema atalazimika kurudi. Mimi nikaenda jikoni nikaleta kikaango cha udongo tulichotoka nacho Vuga, cha mfinyanzi wa kule kwetu, kimechomwa mpaka kimekuwa cheusi tii na kinang'aa. Akamimina maji humo. Kisha akasema, "Hiki ni bora kuliko changu." Kikaango kile alikitumia mpaka siku ya kuondoka.

Nilikuwa na majina yangu. Yule mpana mwembamba nilimwita Jani. Mrefu mweupe mwenye pingili nilimwita Utepe. Yule mwenye duara la miiba kichwani, ambaye ukimtazama kwa lenzi utadhani amevaa shingoni nguo ya mchungaji, nilimwita Kola. Na wale wadogo wa kwenye utumbo uliozibwa upande mmoja, wenye vinundu mistari mitatu tumboni, niliwaita Vifungo. Mama Daktari alikuwa na majina yake marefu ya kigeni, ulimi wangu haukuyaweza. Lakini kwenye daftari lake aliandika yote mawili, lake na langu, bega kwa bega. Nililiona kwa macho yangu: Kola, kwa wino wa bluu, kwenye daftari la chuo. Wa tano nilimpata mwenyewe, mfupi mwenye mdomo kama kikombe, alikuwa ameng'ang'ania ukuta wa utumbo hata kusuuza hakukumtoa. Mama Daktari alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanivulia kofia yake ya jua, akaniinamia kama mtu anayemwamkia chifu. Nilikuwa na miaka kumi. Nyie mnaosoma, ni nani aliwahi kuwainamia mkiwa na miaka kumi?

Msidhani nilikuwa na akili kila mahali. Lenzi aliponipa mara ya kwanza niliamini inakuza kitu kweli kweli, kwa hiyo nikaiweka juu ya tonge la ugali nikingoja liongezeke. Rehema alinikuta hivyo. Alicheka mpaka akaanguka kwenye kinu. "Weka na kwenye mboga basi, Minyoo, tushibe wote!"

Niliwaonea huruma bata. Nilimuuliza Mama Daktari kama wale minyoo wanawaua. Akasema mara chache sana. "Mnyoo anataka bata awe mzima. Bata akifa, yeye atakaa wapi? Atakula nini?" Na akanionyesha jambo nililolishika kuliko yote: bata akichinjwa, minyoo wake hawafi naye. Ukiwatoa mapema ukawaweka kwenye maji yale ya machozi, wanacheza. Jani anajinyoosha na kujikunja, Kola anatafuta pa kushika. Saa moja hata mbili. Nilishapasua bata wengi sana kiangazi kile na sikuwahi, hata mara moja, kumkuta bata wa moto, aliyechinjwa muda huo huo, mwenye minyoo waliokufa.

Sasa nimtaje mtu wa kwanza. Skimu ya mpunga ilikuwa na msimamizi, Bwana Zabloni. Yeye ndiye aliyegawa majaruba, vile vipande vya kulimia mpunga, anayemtaka anampa la karibu na mfereji, asiyemtaka anampa la kwenye mawe. Ufunguo wa stoo ya dawa za wadudu ulining'inia kiunoni mwake na si kwa mtu mwingine. Akipita, wanaume wanasimama. Kazi ya Mama Daktari aliidharau. Alisimama uani kwetu siku moja, ametia vidole mfukoni.

"Yaani Mama, umesoma miaka yote hiyo ukaishia kwenye mavi ya bata?"

"Ndiyo, Bwana Zabloni. Kuna mengi humo."

"Basi ukimaliza uniambie jinsi ya kuwamaliza. Hawa wanakula mpunga kuliko wanaolima."

Mvua zilipokaribia Mama Daktari akarudi chuoni. Aliniachia lenzi, daftari jipya na chupa tatu ndogo zenye spiriti. "Ukiona kitu usichokijua kiweke humu, andika siku na mahali. Nitarudi mpunga ukivunwa." Nilizipanga zile chupa juu ya kichwa cha kitanda changu kama sanamu za kanisani.

Haikupita hata mwezi. Alasiri moja natoka kichanjani, napita kando ya bwawa, nikamwona Bwana Zabloni peke yake. Amejifunga kitambaa puani, amevaa glavu, ana ndoo, anamwaga mpunga ukingoni kama mtu anayelisha kuku. Mpunga wenyewe ulikuwa wa pinki. Ndani ya akili yangu ya kitoto, chakula cha rangi ni chakula cha sherehe. Wali wa harusi ndio unaotiwa rangi.

"Shikamoo, Bwana Zabloni."

Alishtuka. "Marahaba. Nenda nyumbani."

"Unawalisha bata?"

Akanitazama, kisha akacheka kidogo. "Eeh. Leo sikukuu yao. Nenda."

Nilirudi nimefurahi. Nilimwambia Rehema, "Bwana Zabloni amewapikia bata pilau." Rehema akageuza ugali, akasema, "Yule? Mbwa wake mwenyewe hajawahi kuona mfupa." Tukacheka, tukalala. Hilo nalibeba mimi, silikwepi. Mtoto aliyejua kutofautisha minyoo wa aina tano alishindwa kutofautisha chakula na sumu, kwa sababu aliyeimwaga alikuwa mtu mzima na alikuwa ameitikia shikamoo yangu.

Asubuhi bwawa zima lilikuwa limejaa bata wasioweza kuruka. Walikuwa wanatapatapa, shingo zimelegea, mbawa zinapiga maji. Wengine walishakufa. Watu walikimbilia na vikapu, nyama imejileta yenyewe! Akaitwa jirani yetu Mzee Shabani achinje, kama tulivyozoea, Waislamu na Wakristo, ili kila nyumba iweze kula. Aliwachinja wenye uhai. Waliokufa aliwasukuma kwa mguu. "Mizoga hii sichinji, na nyie msile." Laiti angesema hivyo kwa wote.

Baba alileta wawili, wa pili akawekwa wa kesho. Nilimchukua wa kwanza bado ana joto, damu haijaganda. Nikachana utumbo, nikatengeneza maji, nikaonja chumvi, nikamimina kwenye kikaango. Jani alikuwa pale. Kola alikuwa pale. Vifungo, Utepe, wote. Hakuna aliyecheza. Niliwagusa kwa unyasi. Niliongeza maji ya uvuguvugu. Walikuwa wamelegea, wamejiachia, wanaelea kama nyuzi. Bata ana joto na wapangaji wake wote wamekufa. Nikapasua firigisi. Ndani kulikuwa na mpunga wa pinki.

Nikachukua chupa mbili, nikagawa humo minyoo na zile punje. Sikujua kwa nini. Niliambiwa nisichokijua nikiweke humo.

"Baba, minyoo wamekufa."

Baba alikuwa ananoa kisu, ana furaha, nyama haikuwa kitu cha kila siku kwetu. "Si ndiyo vizuri? Ulitaka tuwale wazima?"

Rehema akaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Baba, na firigisi ina mpunga wa rangi. Ule wa Bwana Za—"

Hapo hapo kikasikika kikohozi uani. Bwana Zabloni mwenyewe. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba, na mpaka leo najiuliza alikuwa anatafuta nini. Labda alikuja kutuonya, akakuta masufuria yameshainjikwa, akaogopa. Simpi labda hiyo bure, nataka aiseme mwenyewe. Baba akampa kiti.

"Huyu mtoto wa Mama Daktari," baba akamwambia kwa utani, "ananiambia minyoo ya bata imekufa. Anataka tuwafanyie matanga."

Bwana Zabloni hakucheka. Alinitazama mimi, akatazama kikaango, akatazama chupa iliyokuwa mkononi mwangu. Kisha akasema neno lile ambalo baadaye liliandikwa kwenye karatasi: "Bata hawa wana ugonjwa wa minyoo. Imewazidi. Mkipika sana hakuna tatizo."

Nilijua ni uongo. Nataka mnielewe, sikuhisi tu, nilijua, kama wewe unavyojua jina la mama yako. Mnyoo aliyemshinda bata hawi maiti ndani ya bata wa moto. Nikafungua mdomo. "Mama Daktari alisema—"

"Nyamaza!" Baba akanikata. "Mkubwa anaongea."

Nikanyamaza. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Mtoto hamkosoi mkubwa mbele ya baba yake, na hakatai chakula kilichopikwa na dada yake. Watu husema adabu hainaga hasara. Mimi mguu wangu wa kulia ninauburuta mpaka sokoni kila wiki kwa ajili ya adabu.

Nyama ikaiva. Kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima, na kama mgeni hayupo ni ya baba. Msichana haonji. Rehema aliitoa kwenye sufuria, akaiweka kwenye sahani ndogo peke yake, akapiga goti, akampelekea Bwana Zabloni.

Bwana Zabloni akaitazama. Akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Mimi firigisi sili, tangu nizaliwe. Na tumbo leo linanisumbua. Mpe binti yako, ndiye aliyepika."

Baba alisita. Jambo hilo halijawahi kutokea. Lakini mgeni amesema, na mgeni ni Bwana Zabloni, na jaruba letu liko mkononi mwake. Akampa Rehema. Namwona mpaka leo alivyonyoosha shingo, anatafuna taratibu ili isiishe, ananitazama kwa jeuri.

"Minyoo, umeona? Leo mimi ni mwanaume."

Bwana Zabloni aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaaga, akaondoka. Hakugusa nyama, hakugusa mchuzi. Mimi nilikula shingo na mchuzi. Baba alianza na ugali, kama kawaida yake, na alikuwa amekula kipande kimoja tu tulipoanza kutapika. Yaliyofuata nimeshawaambia pale mwanzo. Nyumba nyingine tatu waliugua siku ile, wakapona. Aliyekula firigisi ni mmoja.

Mtu wa pili ninayemtaja ni Stefano, Bwana Afya. Alikuja siku ya pili ya msiba. Hakumfungua hata bata mmoja, na mizoga ilikuwa bado inaelea bwawani. Alikaa kwenye meza ya Bwana Zabloni, akaandika hapo hapo. Mimi nilijikokota kwa fimbo mpaka pale, nikampa chupa kwa mikono miwili.

"Shikamoo. Hawa ndio waliokuwa kwenye bata. Walikufa kabla yake. Na hizi punje."

Aliifungua, akainusa. "Hii nini, gongo?" Watu wakacheka, na msiba wetu haujaisha hata siku tatu. "Mtoto, uko darasa la ngapi?"

"La nne. Niliacha."

"Basi rudi shule. Mambo haya tuachie sisi."

Hakuiinua hata kidogo kwenye mwanga. Kwenye mwanga ungeiona pinki ile ukiwa umesimama mlangoni.

Mama Daktari alirudi kama alivyoahidi, baada ya mavuno. Hakuwa amesikia. Akaja uani anaita, "Rehema! Minyoo!" akaona baba anainama. Nilimpa daftari na zile chupa. Nilikuwa nimeandika hivi, nalijua kwa moyo: Bata mmoja. Ana joto. Jani kumi na moja, Kola sita, Utepe wawili, Vifungo wengi. Wote wamekufa. Firigisi ina mpunga wa pinki. Dada kala firigisi. Alikaa juu ya kinu, akasoma, akarudia kusoma. Akaweka chupa machoni, akaigeuza kwenye jua. Kisha akanishika mabega.

"Nina wanafunzi wenye miaka ishirini na tano ambao wasingeandika hivi. Umesikia? Uliona sawa. Minyoo hawa hawakumuua bata, wala dada yako. Minyoo hawa waliuawa na kilichowaua bata na dada yako."

Niliambiwa sentensi hiyo mara moja tu maishani na imenilisha mpaka leo.

Alienda ofisini kwa Bwana Afya mara mbili na chupa moja, moja aliniachia. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri. Mara ya pili aliambiwa, "Mama, kibali chako ni cha bata, si cha watu." Alimsihi baba aende kushtaki. Baba alitazama jaruba lake lililokuwa karibu na mfereji, akatazama mlima kule juu ambako mama alikuwa na watoto watatu wanaokula, akasema, "Aliyekufa hafufuki." Msimu uliofuata tulihamia juu moja kwa moja. Baba alifariki hajanitaka radhi, na mimi sikumuuliza. Yeye alikula kipande kimoja na kuishi nacho miaka yote hiyo.

Nimezeeka nusu. Nalima karoti na kabichi, nina wajukuu, na kukiwa na harusi watu hunitafuta kwa kazi moja: kupasua kuku. Hakuna Lushoto nzima anayenizidi. Wasichana hukaa pembeni yangu na mimi nawaonyesha, huu utumbo mzima, huu una tegu, huyu kuku alikuwa mgonjwa, mtupe. Bado nawajua. Wakinitania kwamba Bibi anasoma matumbo kama gazeti, nawaambia ndiyo, na niliwahi kusoma ukurasa ambao wenye vyeti waliugeuza bila kuutazama.

Chupa ipo dirishani kwangu. Spiriti naiongeza mwenyewe inapopungua. Punje zimepauka lakini bado ukizitazama vizuri unaiona ile rangi. Jani yupo, Kola yupo na miiba yake.

Na nisingeandika haya yote, ningekufa nayo, kama si harusi ya juzi njia ya kwenda Irente. Nilikuwa nyuma, jikoni, na beseni langu. Mgeni rasmi alikuwa mzee mwenye fimbo nzuri, kofia ameivua, watu wanamwamkia kwa kuinama. Nilimjua kwa kikohozi. Bwana Zabloni. Wenyeji wakaniomba firigisi ya jogoo mkubwa ya meza kuu. Niliisafisha mwenyewe, kwa mikono hii. Ikapikwa, ikawekwa kwenye sahani ndogo peke yake, na binti mmoja akapiga goti akampelekea.

Nilisimama mlangoni nikitazama. Aliichukua bila kusita. Aliikata vipande viwili, akala cha kwanza, akala cha pili, akalamba vidole, akaomba na nyingine.

Bwana Stefano, kama bado uko hai, ile karatasi iliyoandika minyoo ifutwe, iandikwe upya, na uandike kwa mkono wako uleule. Minyoo hawana hatia na nimechoka kuwatetea peke yangu.

Na wewe, Bwana Zabloni. Nimekupa shikamoo tangu utoto na uliniitikia, kwa hiyo huwezi kusema hunijui. Usinieleze kuhusu mpunga, usinieleze kuhusu bata, wala stoo. Nitaleta chupa yangu mbele ya watu wote, nitaiweka kwenye meza ile unayopewa firigisi, nami nitakuuliza swali moja, na unijibu ukiwa umesimama: kama unaipenda hivyo, siku ile kwetu uliikataa kwa nini?